Siku Mtani Alipotwaa Fila ya Baba

Juzi nilipeleka kigari changu gereji kubadilishwa oili, nikakuta pembeni pana pikapu kuukuu ya dizeli imefunuliwa injini, na kijana ameinama juu yake. Harufu ikanijia: oili iliyoungua ikapoa juu ya chuma, imechanganyika na dizeli na jasho. Jamani, nilisimama palepale na pochi kwapani, nimesahau hata kilichonileta. Fundi wangu akaniuliza, "Mama, vipi, presha?" Nikamwambia si presha, ni baba yangu. Akageuka huku na huku kumtafuta huyo baba amsalimie, maskini ya Mungu, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mwenyewe tulishamzika.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Magari ya siku hizi, nimeambiwa, mengi valvu zake zinajirekebisha zenyewe huko ndani, na fundi anakuja na kompyuta kama karani. Zamani haikuwa hivyo. Dizeli ya zamani ikishatembea sana, nafasi iliyopo kati ya valvu na kile chuma kinachoigonga kwa juu, wanachokiita roka, inapanuka, na injini inaanza kupiga kelele. Mafundi wanasema tapeti zinagonga. Hapo lazima mtu afungue kava, apime nafasi moja moja, akaze hii, alegeze ile, mpaka zote zikae sawa. Kwa madizeli mengi ya Tabora mtu huyo alikuwa baba yangu, Fundi Maganga. Gereji yake ilikuwa uani kwetu, Ng'ambo, kati ya jiko la Mama na banda la kuku, na kuku wetu walizoea kulala wana grisi mgongoni.

Chombo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa fila. Kwa asiyeijua, fila ni vipande vya chuma vyembamba sana vilivyofungwa pamoja upande mmoja kwa skrubu, unavitandaza kama karata mkononi, kila kimoja na unene wake. Baba alichagua kimoja, akakiingiza kati ya roka na valvu, akakivuta taratibu, akakirudisha. Kikipita hovyo, nafasi imezidi. Kikigoma, nafasi haitoshi. Kikipita kwa kukwaruza kidogo, hapo ndipo penyewe. Spana zake aliwaazima watu, jeki aliwaazima, na mimi nadhani angeniazima vilevile kama angetokea mtu wa kuniomba. Fila hakumwazima mtu. Aliifunga katika kitambaa, akaitia kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wanaume wengine waliweka kalamu.

Nilikuwa mdogo, sijaanza shule, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtazama na kumshikia nati. Nilichokiona kilinistaajabisha. Akishaingiza kile kipande, Baba alifumba macho. Kichwa kinainama, midomo inacheza, uso unatulia kabisa, na vidole viwili vinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Sisi nyumbani ni Wamoraviani, na nilijua fika mtu anayefumba macho na kuinamisha kichwa anafanya nini. Baba alikuwa anaiombea injini! Gari lilikuja likipiga makelele, Baba akaliombea, likaondoka limetulia. Mchungaji wetu hakuwahi kumfanyia hivyo mtu yeyote wa mtaa wetu, na walikuwapo waliostahili.

Basi Jumapili moja kanisani mchungaji akasema tuombe. Nami nikafumba macho, nikanyoosha mbele yangu kidole gumba na cha shahada, nikaanza kuvuta na kurudisha. Mama akanifinya paja.

"Unafanya nini wewe?"

"Naomba kama Baba."

Mama alicheka ndani ya khanga mpaka benchi zima likatikisika, ikabidi ajifanye amepaliwa.

Sasa, kinyozi hajinyoi. Gari letu wenyewe, pikapu ya dizeli iliyokuwa ya buluu enzi hizo, liligonga tapeti kuliko gari lolote lililowahi kuingia uani kwetu. Kwacha kwacha kwacha! Watu waliliita Cherehani. Baba akiwa bado yuko sokoni sisi tulishamsikia, na Mama alianza kupakua ugali. Kila akiambiwa alishughulikie alijibu kesho, leo nina gari la mtu. Hiyo kesho yake ilikuwa haifiki.

Ikafika siku Dada Nyamizi alipochumbiwa. Dada alikuwa mzaliwa wa kwanza, mimi kitinda mimba, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kuliko Mama mwenyewe. Aliyemchumbia alikuwa Yohana, kijana mpole wa Igalula, mkulima, mwenye aibu hata ya kuomba maji. Tatizo halikuwa Yohana. Tatizo ni kwamba ukoo wao ni Wagogo waliohamia Igalula wakifuata reli, na kwetu hilo ni jambo. Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wetu walipita nchini kwao wakienda pwani na mizigo kichwani, wazee wao wakawazuia njiani wakiwatoza hongo, wakagombana mpaka wakachoka, mwisho wakaamua kutaniana. Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba wageni wamekuja kupanga harusi na mmoja wao ana matusi.

Huyo alikuwa Mzee Ndahani, baba mkubwa wa Yohana, mrefu, mwembamba, aliyevaa koti zito hata jua likiwa utosini. Aliingia na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", iliyowaamsha kuku, akaketi kabla hajakaribishwa. Walikubaliana ndoa ifungwe Igalula, kwa kuwa mama mzazi wa Yohana alikuwa na miguu mibovu na hangeweza kusafiri. Wakwe wakasema watakodi gari zuri, walipambe kwa maua, waje kumchukua bibi harusi.

Baba akasema hapana. "Binti yangu nitamfikisha mwenyewe. Kwa gari langu."

Mzee Ndahani aligeuza shingo akaitazama Cherehani pale uani. "Mnyamwezi mwenye gari! Mtani, tangu lini? Wazee wako walikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu kichwani. Mbebeni tu huyo mtoto kichwani, ndiyo fani yenu."

"Na wazee wako walikaa kando ya njia wakiwauzia wenye kiu maji ya kisima," Baba akajibu. "Mpaka leo mkiona mtu anapita mnanyoosha mkono."

Nilijua sasa wanapigana. Nilimtazama Mama, naye alikuwa anamenya viazi.

"Lile ninalisikia kabla halijaondoka kwako," Mzee Ndahani akaendelea. "Likiingia Igalula watu watakimbia, watadhani treni imeacha reli. Nakuapia, mtani, nikisikia tapeti moja tu njiani, nitawatangazia watu wote kwamba bibi harusi tulimwokota porini, na Fundi Maganga hajui kuseti hata gari lake."

"Hutasikia hata moja," akasema Baba.

Wakapeana mikono wakicheka, na mimi nikazidi kuchanganyikiwa. Usiku nilimuuliza Mama mtani ni nani. Akafikiri kidogo. "Ni mtu aliyeruhusiwa," akasema, akanifunika shuka.

Lakini baada ya ile siku Baba hakucheka tena. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba hana ng'ombe wa kuringia wala shamba la kutajwa. Alichonacho cha kumpa Nyamizi ni kumfikisha kwa mikono yake, kwa gari aliloliweka sawa mwenyewe, aingie kwa wakwe akiwa mtoto wa mtu. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, na nyumba nzima ilijua.

Siku moja kabla ya harusi wakwe walikuja kwetu kulala, ili kesho yake waondoke pamoja na bibi harusi. Baba alikuwa ameiacha Cherehani ipoe kabisa, maana valvu hazipimwi injini ikiwa ya moto. Akafungua kava, akatandika kitambaa juu ya madigadi, akapanga spana, bisibisi na fila. Halafu akaitwa kwenda kuwalaki wageni. Alikwenda na mikono michafu, akisalimia kwa kunyoosha viwiko.

Salamu zilipokwisha, mtu mmoja alikosekana kwenye viti. Mzee Ndahani alikuwa amesimama kwenye gari, anaifungua fila, anaitazama juani, anaifunga, na bila haraka anaitia ndani ya koti.

"Msafara umeingia Ugogo!" akatangaza. "Hongo imechukuliwa. Mtarudishiwa tukifika Igalula."

Baba alifungua mdomo. Mama akamkazia macho na kusema kwa sauti ya chini, "Huyo ni mkwe wako. Usithubutu."

"Ameichukua kama mtani," Baba akanong'ona, "si kama mkwe."

"Basi ukimnyang'anya mtani utakuwa umempokonya mkwe. Chagua."

Akaitwa Shangazi Pili atoe hukumu. Shangazi Pili, dada yake Baba, alikuwa mtu wa Nzega, mnene, mjuzi wa kila desturi, na alitoa hukumu huku akitafuna firigisi ambayo hakuna aliyempa. "Mtani hanyang'anywi. Mtani anagombolewa. Ukitumia nguvu umevunja utani, na ukivunja utani siku ya harusi, ndoa imeanza na ugomvi. Mwulize anataka nini."

Baba akamuuliza. Mzee Ndahani akajibu anataka kusikiliza tapeti tu, hana tamaa ya kitu kingine, akaomba ugali uongezwe.

Mimi damu ilinichemka. Watu wazima wamesimama wanamtazama mwizi, halafu wanampakulia! Nikatoka mbio mpaka kwa mjumbe wa nyumba kumi, nikamkuta anatengeneza kiti.

"Shikamoo. Nyumbani kuna mwizi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko uani, anakula."

"Mwizi anakula?"

"Ugali na kuku. Ni Mgogo. Ana koti."

Mjumbe aliweka nyundo chini, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwanangu, hao nawajua. Nilipomzika mama yangu walikuja wakalala ndani ya kaburi, jeneza limebebwa pale juu, wakasema hawatoki mpaka wapewe jogoo. Nikatoa jogoo. Nililia nikacheka, nikacheka nikalia. Nenda zako nyumbani, na umwambie huyo Mgogo kwamba na mimi nakuja kula."

Nilirudi nikiwa nimeikatia tamaa serikali.

Baba naye alikuwa amezunguka gereji zote za Ng'ambo kutafuta fila ya kuazima. Kumbe Mzee Ndahani alimtangulia, kabla hata ya kuingia kwetu alikuwa kasalimia fundi mmoja baada ya mwingine, na neno limeenea. Mafundi wale, watu aliokula nao chumvi, walimtazama usoni wakisema: "Fila? Loo, yangu imepotea." "Yangu ameondoka nayo shemeji." Mmoja alikuwa ameishika mkononi, akasema hiyo siyo fila. Wote wakiuma midomo wasicheke. Wangemsaidia wangeharibu utamu, na Tabora watu hawaharibu utamu.

Jua lilikuwa linakwenda na Cherehani imefunuliwa. Baba aliketi kwenye tairi kuukuu, mikono magotini, na nilimwona anavyoumia. Dada Nyamizi alitoka ndani na hina miguuni, anatembelea visigino, akamwambia, "Baba, tukienda na makelele yetu kuna nini? Mimi nimekua na makelele yale." Baba akamwambia arudi ndani asije akaharibu hina. Hakumtazama.

Halafu akanyanyuka. Akaomba wembe mpya, akaupapasa kati ya kidole gumba na cha shahada, akatikisa kichwa: mwembamba mno. Akapapasa kifuniko cha kiberiti, kinene na laini. Kadi yangu ya kliniki, imechakaa. Akaingia chumbani, tukasikia masanduku yanaburutwa na Mama anapiga kelele, akatoka ameshika kadi ya mwaliko wa harusi, ngumu, nyeupe, yenye maua ya dhahabu pembeni. Ilikuwa ya kumwalika Mama Sofia wa nyumba ya pili, ambaye Mama alikuwa hajaamua kama wamepatana au bado. Baba akaipapasa. Akaipapasa tena. Uso wake ukafunguka.

"Hii," akasema.

Akaikata vipande virefu kwa mkasi wa Mama wa vitambaa, Mama akashika kichwa, si kwa kadi, kwa mkasi. Akaanza. Valvu za kuvuta hewa alizipima kwa kadi peke yake. Zile za kutoa moshi zinataka nafasi kubwa zaidi, akaweka kadi pamoja na wembe. Akafumba macho. Kichwa kikainama, midomo ikaanza kucheza, vidole vikaenda mbele na nyuma. Nilijua saa ya kumsaidia imefika. Nikapiga magoti kwenye mchanga wenye oili, nikafumba macho, na nilipomsikia amemaliza ya kwanza nikasema kwa sauti, "Amina!"

Baba akashtuka, bisibisi ikamponyoka. "Amina ya nini?"

"Si umemaliza kuomba?"

Nikamweleza yote, pamoja na ya kanisani. Nilidhani atacheka, lakini akachuchumaa mbele yangu. "Siombi, mama. Nahesabu nisikosee ipi nimefunga na ipi bado. Na macho nayafumba kwa sababu yana haraka, yanajifanya yameona. Vidole havidanganyi." Akanipa kipande cha kadi nikivute mwenyewe. Kilipita kikikwaruza kidogo tu, na juu yake nikaona nusu ya jina la Dada, ingawa sikujua kusoma. Baba ndiye aliyenionyesha. Nakiri nilisononeka kidogo kumpoteza yule Baba wa miujiza.

Alipofunga kava na kuwasha, Cherehani haikusema kwacha. Ilinguruma kama dizeli, maana dizeli haiwi bubu, lakini ngurumo laini, ya heshima. Majirani walitoka kutazama gari la nani limekuja. Mzee Ndahani aliinamisha sikio kwenye boneti, akalizunguka gari, akabadilisha sikio.

"Umepata wapi fila?"

"Mpagazi hakosi kichochoro cha kukwepa hongo, mtani."

Mama ikabidi aende kumwalika Mama Sofia kwa mdomo, na kwa kuwa alikwenda mwenyewe, wakapatana.

Asubuhi tukaondoka. Mbele tulikaa Baba kwenye usukani, mimi katikati, na Dada dirishani na shela lake limejaa mpaka puani kwangu. Nyuma walikaa Mama, Shangazi Pili, wanakwaya na wakwe. Mzee Ndahani aliombwa aje mbele kwa heshima yake akakataa. "Nikae mbele nimfuate nani? Mimi nimekuja kusikiliza." Akaketi juu ya kreti nyuma tu ya migongo yetu, penye dirisha lililokuwa halina kioo siku nyingi, sikio lake likiwa karibu na shingo ya Baba.

Gari lilikwenda jamani! Njia ya Igalula ina mchanga na makorongo, lakini tulikwenda, miti ya miombo inapita, kwaya inaimba nyuma, na Baba ameketi wima, uso umejaa. Kila baada ya kitambo sauti inatoka nyuma: "Bado sijasikia." Baba anajibu: "Na hutasikia." Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile.

Kwaya ikapumzika. Gari likawa kimya. Ndipo tukasikia Dada analia.

Haikuwa kile kilio cha maharusi cha kuwaonyesha mashangazi mlangoni. Kile alishakimaliza nyumbani na kila mtu alikisifu. Hiki kilikuwa kidogo, cha ndani, cha mtu anayejibana asisikike. Katika Cherehani ya zamani asingesikika hata na mimi niliyebanana naye. Sasa Baba alikuwa ameseti tapeti zake mwenyewe, na alisikia kila kitu.

Akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, sauti ikakatika. Akakohoa. Akaanza tena, ikakatika palepale. Mdomo wake wa chini ukaanza kutetemeka, na mimi nikaingiwa na hofu kubwa, maana nilikuwa sijui kwamba akina baba wana machozi.

"Mtani!" sauti ikatoka nyuma. "Mbona umenyamaza? Sema neno!"

Baba hakuweza kusema neno. Angefungua mdomo kingetoka kilio, na kingeingia moja kwa moja kwenye sikio la Mgogo. Mnyamwezi alie mbele ya mtani wake! Wangemwigiza katika kila sherehe na kila msiba, watu wafe kwa kucheka, na wangekuwa na haki kabisa. Akashika usukani kwa mikono miwili, akasogea kando ya njia, akazima.

"Kuna moja nimeibana mno," akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, akashuka haraka.

Nikashuka nyuma yake, kwa kuwa kushika nati ilikuwa kazi yangu. Akainua boneti iliyowaficha wengine wasituone. Injini ilikuwa ya moto, akafungua kava huku akipuliza vidole. Sikuona kadi, sikuona wembe. Hakufumba macho. Alichukua spana na bisibisi, akalegeza tapeti ya kwanza. Akailegeza tena. Akahamia ya pili, akailegeza vilevile, bila kupima chochote.

"Baba," nikanong'ona, "unaziharibu."

"Shika nati, mama," akasema, na tone likadondoka puani kwake likachemka juu ya injini.

Akafunga. Akawasha. Kwacha kwacha kwacha kwacha!

"Hizo! Hizo!" Mzee Ndahani aliligeuzia dirisha mgongo, akapiga bodi kwa ngumi zote mbili. "Mashahidi mpo! Tapeti! Jamani, njooni mwone Fundi Maganga!" Wakwe wakaanza kuimba, Shangazi Pili akawatukana, Mama maskini akajifunika khanga uso mzima.

Na huko mbele, macho yake yakiwa barabarani, Baba alilia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mabega yakiruka. Dada akageuka akamwona. Naye akakiachia kilio chake chote, akanyoosha mkono juu yangu akamshika Baba bega, na wakaenda hivyo, mmoja analia huku, mwingine analia huku, mimi katikati nalowa pande zote mbili. Nilimpenda Baba wakati ule kuliko nilivyompenda alipokuwa mtu wa miujiza. Nyuma hakuna aliyesikia chochote zaidi ya tapeti.

Karibu na Igalula alisimama tena, akasema rejeta inataka maji. Alinawa uso kwa maji ya dumu, akampa Dada naye anawe, akampangusa wanja uliomchuruzika, kwa kidole chenye oili, akaongeza mwingine. Tukaingia Igalula tukigonga, na kweli watu walitoka majumbani.

Mzee Ndahani alishuka akiwa ameshinda dunia. Akatoa fila kwenye koti, akamkabidhi Baba mbele ya watu wote. "Shika, mtani. Hongo imelipwa. Lakini tapeti nimezisikia!"

Mimi sikuweza kuvumilia. Nikaruka mbele. "Uongo! Zilikuwa kimya, Baba mwenyewe ndiye ali..."

Mkono mkubwa wenye grisi ukaniziba mdomo.

"Umenishinda, mtani," akasema Baba. "Watangazie."

Mzee Ndahani akawatangazia. Alipanda juu ya bodi la gari akawatangazia, watu wakashika mbavu, na Baba akacheka kuliko wote. Kisha Dada Nyamizi akainua shela, akauchukua ule mkono wenye grisi, akauingiza kwapani mwake juu ya gauni jeupe, akaingia kanisani ameshikwa na mtu ambaye Igalula nzima iliamini hajui kuseti tapeti.